Skafu ya kipupwe, mtandio wa kaskazi: anza na uzi

Ukipanda gari Mombo mchana, jasho linakutiririka. Likifika Soni abiria wameshafunga madirisha, na Lushoto mwezi wa saba kila mtu ana kitu shingoni. Wateja wangu wako kwenye barabara hiyo, wa milimani na wa Tanga mjini, na wote nawafumia kwa kroshia. Anayekuja kujifunza kwangu huuliza mshono kwanza. Mimi humwonyesha uzi kwanza, kwa sababu uzi ndio unaoamua kitu kitavaliwa lini.

Kipupwe, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, kinataka sufu au akriliki, nyuzi zinazoshika joto. Jua la kaskazi linataka pamba, inayonyonya jasho na kupitisha hewa. Wakati wa masika natumia akriliki nyembamba, kwa sababu pamba ikilowa huwa nzito, huvutika, na hukauka kwa taabu.

Sokoni nyuzi nyingi hazina lebo, kwa hiyo zipime kwa moto. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kichome. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake huvunjika ukilibonyeza. Akriliki huyeyuka na kuganda kama shanga nyeusi, ngumu. Usiiguse kabla haijapoa.

Sufu nzuri kuliko zote naipata kwenye mtumba. Geuza sweta ndani nje, uangalie mishono ya ubavuni. Kingo zikiwa zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa mashine, liache, maana ukifumua utapata vipande vifupi vifupi. Kingo zikiwa nzima, zimeunganishwa kwa uzi mmoja tu, chukua. Nyumbani, fumua viungo kwanza, mikono na mbavu zitengane. Kisha anzia juu, shingoni, kwa sababu sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Uzi utatoka umejikunjakunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa kamba sehemu nne, uutoe, uuloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Usiusugue. Suuza, utundike kivulini, na chini yake uning'inize chupa ndogo yenye maji ili unyooke. Ukikauka ndipo uviringe donge. Sweta moja la mtu mzima hutoa skafu, na mara nyingi hubaki uzi wa kofia ya mtoto.

Skafu ya kipupwe: chukua uzi wa unene wa kati, kama gramu 200, na sindano ya kroshia ya milimita 5. Fuma cheni 28, yaani vitanzi 28 vinavyofuatana, kila kimoja kikivutwa ndani ya kilichotangulia. Mshono ni ule mrefu: zungusha uzi kwenye sindano mara moja, ingiza, vuta uzi, upitishe kwenye vitanzi viwili, halafu viwili tena. Mshono wa kwanza uingie cheni ya nne kutoka kwenye sindano, utapata mishono 26, zile cheni 3 ulizoruka zikihesabiwa mshono mmoja, upana wa karibu sentimita 20. Geuza, cheni 3, endelea. Hesabu mishono kila mstari mpaka mkono uzoee. Pembeni ndipo inapopotea. Acha skafu ikifika sentimita 160.

Shali ya pembetatu huanzia shingoni. Cheni 4, ziunge ziwe pete. Ndani ya pete: cheni 3, zinazohesabiwa mshono mmoja, mishono mirefu 2, cheni 2, mishono mirefu 3. Geuza. Kila mstari unaofuata, weka mitatu kwenye mshono wa kwanza na mitatu kwenye wa mwisho (mwanzoni, cheni 3 ni mmoja wao). Katikati, kwenye tundu la cheni 2, weka mishono 2, cheni 2, mishono 2. Kwingine kote ni mmoja juu ya mmoja. Kila upande utakwenda 3, 7, 11, ukiongezeka minne minne. Shali ikifunika viwiko inatosha.

Mtandio wa kaskazi nautengeneza kwa pamba nyembamba na sindano ya milimita 3.5, wenye matundu. Fuma cheni zifike sentimita 45, idadi iwe shufwa. Mshono mrefu kwenye cheni ya sita kutoka kwenye sindano, cheni 1, ruka moja, mshono mrefu, hivyo hivyo hadi mwisho. Mistari mingine anza na cheni 4, ukiweka mshono juu ya mshono na kuruka tundu; wa mwisho uingie kwenye cheni ya tatu ya pale ulipogeukia. Usiufanye mrefu kupita kiuno, kwa sababu pamba hushuka yenyewe kadiri inavyovaliwa.

Matamvua yanapendeza. Zungushia uzi kwenye daftari, kata upande mmoja, ufunge viwili viwili. Kwenye skafu ya mtoto mdogo siyaweki kabisa, na naomba na wewe usiyaweke: huyanyonya, na yanaweza kumnasa shingoni.

Kufua: sufu kwa maji baridi, maana ya moto huifanya isinyae na kugandamana. Akriliki usiipige pasi. Vyote vianike vimelazwa juu ya taulo, kivulini.