Tochi ya kukagulia noti humfichua nge hemani

Jambo hili nimefundishwa na mhudumu wa kambi ya mahema katika Hifadhi ya Ruaha. Chukua tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ile ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia, na usiku, kabla hujateremsha mguu kitandani, zima taa nyingine zote kisha umulike sakafu, pembe za turubai na kando ya viatu. Ganda la nje la nge lina kemikali zinazoupokea mwanga huo na kuurudisha ukiwa wa kijani-buluu, kwa hiyo nge ambaye kwa tochi ya kawaida angefanana na mchanga huonekana waziwazi, mkia uliopinda na magando yake yote mawili yaking'aa. Hata hivyo, nge aliyetoka kujivua ganda hang'ai, aliyejificha ndani ya kiatu hamulikwi, na nyoka usitarajie kumwona kwa njia hii. Kung'uta viatu kila asubuhi bado ni lazima. Ukihitaji kutoka nje usiku, mwite askari wa kambi. Usimmulike mtu machoni kwa tochi hiyo, hasa mtoto.