Kamera ya utumbo mpana: jinsi ya kusafisha tumbo mpaka litakate kweli

Ukishaandikiwa kolonoskopi, ile kamera inayopitia njia ya haja kubwa, kila mtu atakuuliza kama inauma. Hakuna atakayekuuliza kuhusu siku moja kabla, na hiyo siku moja kabla ndio kazi yenyewe. Kamera ni nusu saa mpaka saa nzima, tena wengi wanachomwa sindano ya usingizi hawakumbuki chochote. Ila kama tumbo halijasafishika dokta haoni kitu, na asichokiona hawezi kukitibu.

Nayajua haya manake mara ya kwanza sisi tulirudishwa. Bi mkubwa, mama yangu, alikuwa anatoka damu chooni, miaka miwili anatibiwa bawasiri, mara mafuta ya kupaka mara mitishamba, mpaka dokta mmoja akasema hapana, huyu aangaliwe ndani. Hospitali tuliyoenda tukapewa karatasi ina mistari mitatu, asile kuanzia saa mbili usiku, anywe dawa, aje asubuhi, bas. Mchana ule akala wali maharage na mchicha kama siku zote, karatasi haikumkataza, usiku akanywa dawa yote, akaendesha mara sita akajua yametoka yote. Kesho yake kamera imeingia kidogo tu dokta akasimamisha, kuna maganda ya maharage na majani yamegandia kwenye ukuta wa utumbo. Hela imeshalipwa, mama wa miaka 61 ameshinda na njaa bure, na kazi yote inaanza upya. Niliumia sana, na ndio maana naandika kwa urefu.

Anza na chakula, na usianze usiku wa mwisho, anza siku tatu kabla. Kinachotafutwa ni chakula kisichoacha makapi. Kwahiyo maharage, kunde, choroko, njegere, mahindi, dona, ulezi, mtama, karanga, korosho, ufuta, vyote weka pembeni. Majani yote pia, mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, na bamia. Matunda yenye mbegu ndogondogo ndio mabaya zaidi, pasheni, mapera, tikiti, hata nyanya na mbegu zake, manake mbegu inaweza kuziba ule mrija kwenye kamera wanaonyonyea maji. Sasa ule nini? Wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, chapati ya unga mweupe, viazi vilivyomenywa vikachemshwa, mayai, samaki, kuku bila ngozi. Najua chakula bila mboga za majani kinaonekana hakijakamilika, ila ni siku tatu tu. Na kama kawaida yako ni kukaa siku mbili tatu hujapata choo, mwambie dokta mapema kabisa, watu wa hivyo mara nyingi huongezewa dawa au siku za maandalizi.

Dawa zako za kila siku nazo zitaje zote siku ile ile unapopangiwa tarehe, usisubiri kuulizwa. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma kwa kawaida vinasimamishwa kama wiki moja kabla, vinafanya choo kiwe cheusi na kinanata kwenye ukuta. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au klopidogreli, USIACHE mwenyewe na usiendelee kimyakimya, aliyekuandikia ndiye aseme, manake ukiacha ovyo unaweza kupata kiharusi na ukiendelea bila wao kujua unaweza kutoka damu nyingi wakikata kitu. Wenye kisukari ndio nawaombea umakini zaidi ya wote. Insulini au vidonge vilevile vya kila siku bila chakula vinaweza kushusha sukari mpaka mtu akazimia, kwahiyo dozi lazima zipangwe upya, upime sukari mara nyingi siku hiyo na uwe na kinywaji angavu chenye sukari karibu. Dawa ya presha wengi wanaruhusiwa kuinywa asubuhi na maji kidogo, ila uliza, hasa kama ni ile inayokukojoza. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue kuharisha kunaweza kuvipitisha kabla havijafanya kazi. Na Waislamu, kama tarehe imeangukia Ramadhani na sio dharura omba isogezwe, manake huwezi kunywa hizi dawa na kubaki na saumu.

Siku moja kabla, chakula kigumu hakuna (hospitali zingine zinaruhusu kifungua kinywa chepesi, fuata yako). Unakunywa vitu vinavyopitisha mwanga. Kipimo chetu kilikuwa hiki, weka glasi juu ya gazeti, kama unasoma maandishi kwa kupitia kinywaji basi kinafaa. Chai ya rangi inafaa, weka sukari, weka tangawizi ila uichuje, maziwa hapana. Kahawa isiyo na maziwa sawa. Maji ya dafu yaliyochujwa sawa, isipokuwa mwenye matatizo ya figo aulize kwanza kwa sababu yana potasiamu nyingi. Supu ya kuku yenyewe chemsha mapema, iache ipoe, toa mafuta yaliyoganda juu, kisha pitisha kwenye kitambaa safi cheupe mpaka yabaki maji yenye chumvi tu, na hiyo ndio itakayokuokoa jioni, utachoka na vitu vitamu mpaka ulimi ukatae. Soda nyeupe sawa, ORS sawa, juisi ya tufaha ile angavu sawa. Uji hapana hata uwe mwepesi vipi, wala juisi ya embe, ukwaju au ubuyu. Na chochote chekundu au cha zambarau usiguse, rozela, soda ya zabibu, kwa sababu ndani ile rangi inafanana na damu.

Sasa dawa yenyewe. Nyingi ni unga unaochanganya na maji, na uliozoeleka sana ni polietilini glaikoli pamoja na chumvichumvi. Huu unga mwili hauunyonyi, unashikilia maji ndani ya utumbo na kuyasukuma chini, na zile chumvi zimepimwa ili mwili usipoteze madini, ndio maana lazima uchanganye na kiasi kamili cha maji kilichoandikwa, usizidishe usipunguze na usitie sukari. Kuna wa lita 4 na kuna wa lita 2 ambao juu yake unaongeza maji yako mengine kama lita moja. Zipo na aina zingine zinazovuta maji kutoka mwilini mwako, kama zenye pikosalfeti na magineziamu, hizo sio za kila mtu, mwenye figo au moyo mbovu asijinunulie duka la dawa kwa kusikia kuna ya bei nafuu. Na haluli au sanamaki ya kuchemsha nyumbani isichukue nafasi ya hii. Najua bibi zetu walitusafisha nayo tumbo, ila kuharisha ni kitu kimoja na utumbo kutakata mpaka mwisho ni kitu kingine, bi mkubwa wangu aliendesha mara sita na maharage yakabaki.

Changanya asubuhi, weka kwenye friji au kwenye ndoo ya barafu, ikiwa ya baridi inapita vizuri mara mbili. Ladha yake ni kama maji ya bahari yaliyotiwa utelezi. Kunywa kwa mrija ukiuweka nyuma ya ulimi, usinusenuse, ukimaliza glasi lamba kipande cha limao. Glasi moja ni robo lita, unakunywa moja kila dakika kumi hadi kumi na tano. Ukisikia kichefuchefu pumzika nusu saa, tembea ndani ya nyumba, alafu endelea taratibu. Ukitapika mara moja baada ya glasi ya tano sio mwisho wa dunia. Ila ukitapika kila unachoweka, au tumbo linavimba na linauma sana huku hakitoki chochote, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, acha kunywa na piga simu hospitali au nenda, usijikaze.

Choo kitaanza ndani ya saa moja hadi tatu, na kikianza kimeanza. Kwahiyo kabla ya glasi ya kwanza hakikisha ndoo zote zimejaa maji, manake maji yakikatika usiku huo utalia. Tochi iwe na chaji. Kama mnaishi nyumba ya kupanga na choo ni cha kushirikiana, waambie majirani mapema bila aibu, kesho nina kipimo leo choo ni changu, watakuelewa. Jipake mafuta ya mgando sehemu ya nyuma kabla hata hujaenda mara ya kwanza na urudie kila baada ya kunawa, na kujikausha gandamiza kwa kitambaa laini usisugue, mara ya kumi ile ngozi inawaka moto. Mzee asiachwe peke yake, hasa usiku, anaweza kuteleza au kuishiwa nguvu humo chooni.

Alafu tumefika kwenye jambo ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote, dozi ya alfajiri. Siku hizi dawa inagawanywa, nusu jioni nusu alfajiri ya siku ya kipimo, na watu wengi hiyo ya pili wanaiacha kwa sababu wameshachoka, wana usingizi, na wanaona choo tayari ni maji. Kinachotokea ni hiki. Ukimaliza ya jioni utumbo mwembamba haujalala, usiku kucha unashusha majimaji ya njano yenye nyongo, yanaingia mwanzo wa utumbo mpana upande wa kulia na kupaka ukuta pale kama uji. Na ni upande huohuo wa kulia ambako vinyama (vivimbe vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo) vingine havisimami kama uyoga, vinalala bapa, utelezi kidogo tu unavificha. Madokta wana hata alama za usafi, wanagawa utumbo vipande vitatu, kila kipande 0 mpaka 3, jumla 9, na wanataka kila kipande kipate angalau 2. Kulia ndio wengi wanaangukia. Mara ya pili bi mkubwa alikutwa na kinyama kimoja hukohuko kulia, kikakatwa palepale kwa waya unaopita ndani ya kamera, na kinyama cha namna hiyo kikiachwa miaka kinaweza kugeuka saratani. Mara ya kwanza kamera haikufika hata huko.

Mahesabu yake ni hivi. Dozi ya pili inaanza masaa manne hadi sita kabla ya kipimo, na kitu chochote cha kunywa kinakoma angalau masaa mawili kabla, isipokuwa kama mtu wa usingizi amekuambia zaidi. Sisi tulipangiwa saa nne asubuhi. Jioni alikunywa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku lita 2, akalala kwa vipande, saa kumi alfajiri nikamwamsha. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa choo amejifunga khanga mbili, glasi mkononi, akaniambia mwanangu hii nusu si imetosha? Nikamwambia mama, tukiishia hapa tunarudi tena mwezi ujao. Akanywa. Glasi nane, mpaka saa kumi na mbili, kila glasi tunapumzika tunaongea mambo ya kijijini. Kama unatoka mbali na foleni inakutisha, omba upangiwe baadae mchana, ni bora kuliko kuruka dozi.

Utajuaje umetakata? Choo kiwe maji ya njano, unaona mpaka chini ya sinki, hakuna vipande. Punjepunje laini mbili tatu sio shida. Kikiwa bado cha kahawia, kizito au kina chembechembe, piga simu wodini kabla hujatoka nyumbani na uwaambie ukweli, mara nyingi kuna dawa ya kuongeza au maji ya kusafishia kwa nyuma. Vaa nguo nyepesi, beba khanga na nguo ya kubadilisha, na nenda na mtu, kwa sababu baada ya sindano ya usingizi huruhusiwi kuendesha gari wala kupanda bodaboda peke yako mpaka siku ipite.

Tulipofika nesi hakuuliza kama amekula wala kama ameendesha mara ngapi. Aliuliza, mama, choo chako cha mwisho kilikuwaje? Bi mkubwa akamjibu bila haya, kama chai ya rangi iliyochujwa mara mbili, mwanangu, nimeona mpaka ufa wa sinki. Nesi akacheka, akaandika, akamwonyesha kitanda.