Namna ya Kumsaidia Mtoto Anayeambiwa "Hatukuchezeshi"

Mtoto wa miaka minne au mitano akirudi nyumbani akilia kwamba wenzake wamemwambia "hatukuchezeshi", wazazi wengi hutoka kuwaamrisha watoto wa jirani wamchezeshe, au humwambia mtoto aachane nao akae ndani. Nazielewa njia hizo, kwa kuwa machozi ya mtoto yanauma, lakini hakuna hata moja inayomfundisha kuingia mchezoni, na mtoto aliyepokewa kwa amri huwekwa kando tena mara tu mtu mzima anapogeuka.

Anza kwa kutazama. Kwa siku mbili tatu, kaa barazani jioni watoto wanapotoka chuoni kusoma Kurani, umwangalie wako bila kumwelekeza. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani John Coie, Kenneth Dodge na Heidi Coppotelli waliwauliza wanafunzi ni wenzao gani wanaowapenda zaidi na ni gani wasiowapenda, wakawatenganisha watoto wanaokataliwa na wale wanaopuuzwa tu, ambao hawatajwi kwa upendo wala kwa chuki. Tofauti hiyo ina maana kubwa nyumbani. Kwa mtoto mkimya anayepuuzwa, rafiki mmoja anatosha kwanza, kwa hiyo mwalike mtoto mmoja tu wa jirani aje wale mabuyu na kucheza pamoja. Anayekataliwa kwa sababu ananyang'anya gololi au kusukuma anahitaji mafunzo mengine.

Kuingia mchezoni ndipo watoto wengi hukwama. Martha Putallaz na John Gottman, katika utafiti wao wa mwaka 1981, waliona kwamba watoto wasiopendwa walipotaka kujiunga na wenzao walielekea kuuliza maswali, kujizungumzia na kupinga yanayofanyika, yaani waliwavuta wenzao waache walilokuwa nalo. Mfundishe mwanao kinyume chake: asimame karibu, atazame mchezo ni upi, kisha aongeze kitu kinachoufaa. Ikiwa wenzake wamefungua duka la mahamri ya mchanga, asiseme "nataka kuwa muuzaji", aje kama mteja, aseme, "Nipe mahamri ya shilingi ishirini." Lifanyieni zoezi hili nyumbani kwa vijiko na vikombe, wewe ukiwa mwenye duka, na mara nyingine umkatalie kwa upole ili azoee kungoja kidogo na kujaribu tena.

Ugomvi ukitokea, usitoe hukumu haraka. Myrna Shure na George Spivack, waliofanya kazi na watoto wadogo wa Philadelphia, walisisitiza kwamba mtoto afundishwe namna ya kufikiri badala ya kupewa jibu. Muulize ilikuwaje, mwenzake alijisikiaje, yeye angeweza kufanya nini, na kisha kingetokea nini. Akijibu "nitampiga", usimkemee, uliza, "Ukimpiga, atafanya nini?" halafu, "Kuna njia nyingine?" Mwache ataje njia tatu au nne, hata zisizofaa, kabla hajachagua. Akilalamika kwamba mwenzake alimgonga bega walipokuwa wakikimbizana katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, muulize kwanza kama ilikuwa kusudi au ni wembamba wa njia, kwa sababu mtoto anayedhani kila kikumbo ni cha makusudi hulipiza kisasi pasipo kosa. Maswali haya yanahitaji mtoto aliyetulia, kwa hiyo akiwa bado analia, mkumbatie kwanza.

Yapo mambo ambayo mtoto mdogo hapaswi kuachiwa. Kupigwa mara kwa mara, kuchekwa kwa sababu ya mwili, ulemavu au namna ya kusema, na kutengwa na kundi zima kwa majuma kadhaa ni kazi ya watu wazima. Zungumza faragha na mzazi wa mtoto mwenzake, na umwombe mwalimu wa PP1 au PP2, yaani madarasa ya awali, amketishe mwanao karibu na mtoto mpole, awape wawili hao kazi ndogo ya pamoja, kama kugawa kalamu za rangi kila asubuhi.