Jinsi ya kusaka kinga ya kutu kwenye ngano za zamani

Ukipita Monduli au West Kilimanjaro ngano ikiwa imetoa masuke, shuka shambani upapase shina, kidole kikirudi na unga wa rangi ya tofali ujue hiyo ndo kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu. Aina yake moja, Ug99, iliyoonekana Uganda 1998, iliivunja jeni ya kinga ya Sr31 ambayo ngano nyingi za kisasa duniani zilikuwa zinaitegemea, na 2009 ikathibitishwa hapa kwetu Tanzania. Ndo maana watu wanarudi kwenye mbegu za kale, za Ethiopia hasa. Hata jeni ya Sr2 inayosaidia mpaka leo ilichukuliwa na mtafiti wa ngano McFadden kule Marekani kutoka ngano ya kale ya Yaroslav, miaka ya 1920.

Mbegu ya asili ni mchanganyiko, kwa hiyo usiimwage yote pamoja. Kila suke litie kwenye bahasha yake, namba andika kwa penseli maana wino unafutika ikilowa, halafu suke moja mstari mmoja. Katikati na pembeni panda ngano dhaifu inayougua kirahisi ili kutu isambae sawasawa. Kazi hii ifanyieni kwa kushirikiana na watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Selian pale Arusha, na tafadhali sana msibebe majani yenye kutu kwenda wilaya nyingine, nguo na viatu pia safisheni kabla ya kuingia shamba la mtu.

Kila baada ya siku saba hadi kumi pita mstari kwa mstari, kadiria asilimia ya shina iliyoliwa, alafu angalia vidonda vyenyewe. Vikubwa vilivyopasuka vikamwaga unga, huo mmea hauna kinga. Vidogo, vimezungukwa na rangi ya njano au tishu iliyokufa, hapo mmea unapigana. Na jamani msitupe mstari wenye asilimia 20 wakati jirani yake dhaifu amefika 80, hiyo kinga ya pole pole ndo mara nyingi inadumu zaidi, mi naipenda kuliko ile ya usafi wa asilimia mia.

Ila usafi unadanganya. Msimu wangu wa kwanza niliweka alama mstari usio na doa hata moja, kumbe ulikomaa mapema tu, kutu inafika ngano yenyewe imeshakauka, msimu uliofuata nilipouchelewesha kupanda ukaliwa wote. Kwa hiyo andika tarehe ya kutoa suke kwa kila mstari na rudia angalau misimu miwili.

Ukibaki na iliyohimili kweli, ichanganye na ile dhaifu: kwa kibano toa vifuko vitatu vya chavua kwenye kila ua kabla havijawa vya njano, funika suke kwa karatasi, baada ya siku mbili tatu weka chavua ya mzazi mwingine. Kizazi cha pili kikitoa kama mimea mitatu mizima kwa mmoja mgonjwa, kuna uwezekano mkubwa ni jeni moja yenye nguvu, hapo sasa ndo maabara waanze kuitafuta ilipo. Mbegu ya asili iliyobaki usiimalize kupanda, peleka sehemu kwenye benki ya mbegu.