Ombi la kikundi chako limekwama IRS: jinsi ya kujua kama ni siasa, na jinsi ya kuthibitisha hilo

Kikundi cha utetezi Marekani kinapoona ombi lake la msamaha wa kodi linalala miezi na miezi IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, mawazo hukimbilia siasa. Mara nyingine ni kweli. Mei 2013 Lois Lerner, aliyeongoza idara ya IRS inayosimamia mashirika yasiyotozwa kodi, aliomba radhi hadharani kwa jinsi maombi ya baadhi ya vikundi yalivyoshughulikiwa. Siku chache baadaye ikatoka ripoti ya TIGTA, ofisi ya mkaguzi mkuu anayeichunguza IRS. Ilionyesha kwamba watumishi wa ofisi ya IRS ya Cincinnati walikuwa wakichuja maombi kwa majina ya vikundi vya mrengo wa kulia, kama "Tea Party", "Patriots" na "9/12". Kati ya maombi yaliyopitiwa, 160 yalikuwa bado hayajaamuliwa, na yalikuwa yamesubiri kati ya siku 206 na 1,138. Mwaka 2017 ripoti ya pili ilionyesha kwamba maneno ya upande wa kushoto, kama "Progressive" na "Occupy", nayo yaliwahi kutumika kuchuja.

Madai yale ya upendeleo yalishika kwa sababu yalikuwa na tarehe, orodha ya maneno yaliyotumika kuchuja, na nakala za maswali waliyoulizwa waombaji. Hasira peke yake isingefika popote. Nawe kusanya vitu hivyohivyo kuanzia siku ya kwanza, kabla hujashuku lolote.

Kwanza, je, unahitaji kuomba?

Kikundi cha ustawi wa jamii chini ya kifungu 501(c)(4) cha sheria ya kodi hakilazimiki kuomba barua ya uamuzi, yaani barua ya IRS inayothibitisha hadhi yake. Kinacholazimika ni kutoa taarifa kwa Fomu 8976 ndani ya siku 60 tangu kuundwa, kwa ada ya dola 50. Ukichelewa, faini ni dola 20 kwa siku hadi kufikia dola 5,000. Fomu 1024-A ya kuomba barua hiyo, yenye ada ya dola 600, ni ya hiari. Ina faida kwa kikundi ambacho wachangiaji wake wanataka kuona barua rasmi. Usichanganye mambo haya mawili: IRS ikikiri kupokea Fomu 8976 haijakubali kwamba unastahili hadhi hiyo. Kikundi cha hisani cha 501(c)(3), kinachotaka wachangiaji wake wapunguziwe kodi, kwa kawaida hakina njia hii ya mkato. Kinaomba kwa Fomu 1023, na hakiruhusiwi kabisa kumpigia kampeni mgombea.

Jaza fomu isiyompa mtu kisingizio

Maombi mengi hukwama kwa sababu halali: maelezo ya shughuli ni ya jumla mno. "Kuelimisha umma" hakumwambii afisa chochote. Andika kila shughuli, nani anaifanya, saa ngapi kwa mwezi na dola ngapi kwa mwaka.

Hapa kuna kosa linalowaponza wengi. Kushawishi wabunge kuhusu muswada unaohusiana na lengo lenu huhesabiwa kama ustawi wa jamii kwa kikundi cha 501(c)(4). Kumuunga mkono au kumpinga mgombea hakuhesabiwi hivyo. Wanaoyaweka yote katika fungu moja la "siasa" hujipandishia asilimia ya siasa bila sababu. Tenganisha mafungu mawili, na uonyeshe kwamba kampeni za wagombea si shughuli kuu. Katikati ya 2013 IRS iliwapa waombaji waliokwama njia ya haraka: wathibitishe kwamba angalau asilimia 60 ya matumizi na muda wao ni ustawi wa jamii. Kiwango hicho hakikuwa sheria, ila bado ni kipimo kizuri cha kujipima mwenyewe.

Barua ya maswali ikija

Maswali ya ziada pekee si uonevu. Soma kila swali na ujiulize kama jibu lake linaweza kubadilisha uamuzi. Kuuliza gharama za mkutano au nakala ya kipeperushi ni kazi ya kawaida. TIGTA ilitaja yale ambayo hayakuhitajika: majina ya wachangiaji, iwapo kiongozi ana nia ya kugombea, na ufuasi wa vyama vya siasa wa viongozi au wazungumzaji.

Ukikutana na swali la aina hiyo, usinyamaze na usikose tarehe. Jibu yote yanayohusika, kisha kwa lile moja andika: "Tunaomba mtueleze kifungu cha sheria kinachohitaji taarifa hii." Ukihitaji muda zaidi, uombe kwa maandishi kabla tarehe haijapita. Asiyejibu huweza kufungiwa ombi, na baadaye mahakama itamuuliza kama alichukua hatua zote zinazofaa kwa wakati.

Weka daftari la mawasiliano: tarehe, jina na namba ya mtumishi, alichosema, na bahasha yenye muhuri wa posta. Simu yoyote ifuatwe na barua inayorudia mlichokubaliana.

Pata cha kulinganisha

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na bila hiyo madai ya upendeleo ni dhana tu. Kikundi kilichokwisha kukubaliwa kwa ombi kinatakiwa na sheria kumpa yeyote anayeomba nakala ya ombi lake pamoja na barua ilizoandikiwa na IRS kuhusu ombi hilo. Ukiomba kwa maandishi, wana siku 30. Chagua vikundi vya ukubwa na shughuli kama zenu, vya mrengo wenu na wa upande wa pili, vilivyoomba kipindi kimoja. Panga siku za kusubiri na maswali sambamba. Kumbuka upungufu wake: maombi yaliyoondolewa au yanayosubiri hutayaona.

Sambamba na hilo, omba faili lenu lote kwa sheria ya uhuru wa habari, FOIA, pamoja na maelezo ya ndani ya watumishi. Muda wa kisheria wa kujibu ni siku 20 za kazi, ingawa mara nyingi huongezwa.

Pa kupeleka

Anza na msimamizi wa afisa wako. Kwa ucheleweshaji, jaza Fomu 911 kwa ofisi ya mtetezi wa walipakodi. Kwa mwenendo wa mtumishi, nenda TIGTA; tangu sheria ya 2015, mtumishi anayetumia cheo chake kwa sababu za kisiasa anaweza kufukuzwa kazi. Mbunge wako anaweza kuuliza kwa niaba yenu, lakini IRS haitamjibu bila ridhaa yenu iliyosainiwa, kwa sababu taarifa za kodi ni siri.

Siku 270 zikipita tangu kuomba bila uamuzi, kifungu 7428 cha sheria ya kodi kinaruhusu kwenda mahakamani. Mkikataliwa, mna siku 90 tangu barua ya mwisho kutumwa. Mahakama chini ya kifungu hicho hutamka kuhusu hadhi yenu. Fidia haimo humo.

Wakati wote huo endeleeni kuwasilisha ripoti ya mwaka ya aina ya Fomu 990. Kikundi kisichowasilisha kwa miaka mitatu mfululizo hupoteza hadhi moja kwa moja, na hapo hakuna hoja ya upendeleo itakayowasaidia.