Jinsi ya kusoma mkataba wa nyuklia usidanganywe na picha za kupeana mikono

Ukisikia Marekani na Urusi wamesaini mkataba usishangilie kwanza, angalia unahesabu nini, maana hapo ndo kuna mchezo wote. Chukua Nyu Stati (New START), mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia ambao marais Obama wa Marekani na Medvedev wa Urusi walisaini Prague mwaka 2010, ukaisha Februari 2026. Kila upande uliruhusiwa vichwa vya nyuklia (yaani mabomu yenyewe yanayobebwa na kombora au ndege) 1,550 vilivyo tayari kurushwa, sawa, ila ndege ya kudondosha mabomu ilihesabiwa kichwa kimoja hata kama inaweza kubeba zaidi ya kumi, na vile vilivyolala stoo havikuhesabiwa kabisa!

Halafu tafuta ukurasa wa ukaguzi. Bila ukaguzi ni karatasi tu. Kwenye Nyu Stati wakaguzi wa kila upande walikuwa wanaruhusiwa kwenda kwa mwenzao mara 18 kwa mwaka, wanafika kambini, kombora linafunguliwa juu, vichwa vinafunikwa shuka ili siri za muundo zisionekane, wao wanahesabu tu vile vinundu chini ya kitambaa basi.

Mwisho cheki tarehe ya kuisha na kifungu cha kujitoa. Mkataba wa 1987 wa Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Usovieti ulifuta makombora ya ardhini ya kilomita 500 hadi 5,500, ulikufa 2019 baada ya Marekani kujitoa kwa notisi ya miezi 6. Na ukiona neno "kusitisha", yaani kusimamisha kwa muda, usilichanganye na kujitoa, Putin alisitisha Nyu Stati Februari 2023 lakini Urusi ikasema idadi itaendelea kuiheshimu.