Kuokoa negativu za mpiga picha mkongwe Mombasa: anza na mzee, skana itasubiri

Mpiga picha aliyefanya kazi Mombasa miaka thelathini au arobaini ana hazina mbili: maboksi ya negativu, na kumbukumbu ya nani ni nani ndani yake. Familia nyingi zikiamua kuokoa kazi ya mzee hukimbilia skana. Hunakili miezi na miezi, na zikimaliza zina maelfu ya sura zisizo na majina, huku mzee macho yamepungua au hayupo tena. Utaratibu unaofaa ni mwingine: kwanza zuia uharibifu usiendelee, halafu keti na mzee ukiwa na nakala za haraka za simu, kisha ndipo unakili kwa ubora.

Unyevu

Negativu ni plastiki iliyopakwa jelatini, na jelatini ni chakula cha kuvu. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi, na Mombasa hali iko hapo au zaidi karibu mwaka mzima. Masika ya Aprili na Mei ndiyo mabaya kuliko yote. Kuta nene za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale hunyonya maji, kwa hiyo kabati lililoegemezwa ukuta wa nje huota kuvu mgongoni kabla hujaona chochote mbele. Darini chini ya mabati nako joto humaliza rangi. Chagua chumba cha ndani, weka maboksi kwenye rafu, sentimita 10 kutoka ukutani na zaidi ya hapo kutoka sakafuni.

Nunua makasha ya plastiki ya lita 20 yenye mpira wa kuziba mfunikoni. Kila kasha litie gramu 200 hadi 250 za jeli ya silika ya rangi ya machungwa, na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Lenga asilimia 35 hadi 45. Vipimo vya bei nafuu hukosea sana, kwa hiyo kijaribu kabla ya kukiamini: tia chumvi ya jikoni kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ifunge kwenye mfuko wa zipu pamoja na kipimo kwa saa 12. Ndani ya mfuko huo unyevu hukaa kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 81, toa 6 kila utakaposoma.

Jeli ikigeuka kijani kibichi imeshiba. Ioke kwenye oveni kwa nyuzi 120 muda wa saa 2 au 3, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, uirudishe. Mchele usiutumie, maana hunyonya kidogo, hutoa vumbi na huita wadudu.

Kabla ya kufunga kasha, toa raba bendi zote, kwani salfa yake huchafua fedha iliyo kwenye filamu. Toa pia magazeti na mifuko laini ya PVC inayonuka plastiki. Tumia mifuko ya polipropilini au bahasha za karatasi isiyo na asidi. Bahasha za zamani lakini usizitupe hata kama zimeliwa na mende. Namba ya risiti au jina la mteja lililoandikwa juu yake huenda ndiyo njia pekee ya kufika kwenye daftari la studio. Ipige picha bahasha, uihifadhi kando na namba ileile.

Nusa kila boksi unapolifungua. Harufu ya siki ina maana plastiki ya asetati imeanza kuoza, na mvuke wake huozesha za jirani. Hizo zitenge siku hiyohiyo na uzinakili mwanzo. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 zilizogeuka rangi ya kahawia na kunata, hasa zisizo na neno SAFETY pembeni, huenda ni za nitrati, ambayo hushika moto kirahisi mno. Usizipitishe kwenye taa yenye joto wala kuziweka nyumbani. Wasiliana na Makavazi ya Kitaifa kwa ushauri.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuosha kuvu kwa maji. Kuvu ikishakula jelatini, jelatini hiyo huyeyuka majini na picha huondoka nayo. Kausha kwanza ndani ya kasha kwa wiki mbili, kisha futa taratibu upande unaong'aa kwa pamba na pombe ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, haifai. Upande usiong'aa ndio wenye picha. Ukiwa na alama za kuvu uache kama ulivyo, utarekebisha kwenye kompyuta. Na picha ya karatasi iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue. Ipige ndani ya kioo hichohicho, taa mbili zikitoka ubavuni kwa nyuzi 45.

Kikao na mzee

Hapa ndipo penye thamani, na hapa ndipo watu hupapita haraka. Weka mkanda wa negativu juu ya skrini nyeupe ya tableti, tandika chini yake kipande cha plastiki nyeupe ili vidoti vya skrini visionekane, piga kwa simu, geuza rangi. Ubora wa chini unatosha. Mpe kila mkanda namba kabla ya kuanza.

Nenda baada ya Alasiri, mzee akiwa ameshapumzika. Dakika 45, picha 30 au 40, basi. Zima feni, kwa sababu rekoda ya simu huisikia kuliko sauti ya mtu, na uiweke simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu. Sema namba kwa sauti kabla ya kila picha: "Mkanda wa kumi na mbili, picha ya nne." Bila hivyo utakuwa na saa nzima ya hadithi nzuri usiyojua ni za picha gani.

Usianze na "Mzee, hii ilikuwa mwaka gani?" Miaka huchosha, na anayeshindwa kujibu mara tatu hunyamaza. Wapiga picha hukumbuka kazi: ulisimama wapi, ulitumia kamera gani, nani aliyekuita, alilipa ngapi, mlisafisha wapi filamu. Mwaka utatoka wenyewe, na usipotoka, picha yenyewe itakuambia. Angalia picha ya rais ukutani dukani: Jomo Kenyatta ni mpaka Agosti 1978, Moi ni mpaka Desemba 2002. Namba ya gari yenye herufi mwishoni ni ya 1989 na kuendelea. Daraja la Nyali likiwa bado lile la kuelea, ni kabla ya daraja jipya la 1980. Kibao kikisoma Kilindini Road, Moi Avenue bado haijazaliwa. Pazia la nyuma nalo husema: kila studio ilikuwa na lake, na wapiga picha wa karibu na feri ya Likoni miaka ya 1990 walisimamisha mapazia yao yaliyochorwa pale nje. Andika "baada ya 1980" kuliko kubuni mwaka kamili.

Mzee akikosea jina usimkatize. Liandike kama alivyosema, na uandike kando aliyesema vingine.

Kunakili

Kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya makro ya 1:1 (inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi) hushinda skana nyingi za meza. Kwa filamu ya milimita 35 inakupa karibu dpi (nukta kwa inchi) 4200 za kweli, ilhali skana inayotangaza 6400 mara nyingi haifiki hata nusu. Ukitumia skana yenye kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi, uzime kwa filamu ya nyeusi na nyeupe: fedha iliyomo huzuia mwanga huo, skana huiona kama uchafu na kufuta nyuso.

Kamera itazame chini kwenye taa ya LED yenye CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi) 95 au zaidi. Ili kuinyoosha, laza kioo kidogo mahali negativu itakapokaa, kisha tazama skrini ya kamera. Tundu la lenzi lionekane katikati kabisa. Likisogea upande, kamera imeinama, na pembe moja ya picha haitatulia hata uzungushe fokasi vipi. Tumia f/8, ISO 100, faili za RAW (ghafi, zisizobanwa na kamera kuwa JPEG), saa ya kuchelewesha ya sekunde 2, na mwanga uleule kwa mkanda mzima. Ziba kwa karatasi nyeusi mwanga unaopita kando ya negativu. Upande usiong'aa uelekee lenzi, halafu geuza picha kushoto-kulia kwenye kompyuta. Ukisahau, kibao cha duka kitasomeka kinyume. Vumbi lipulize kwa pampu ya mkono, kamwe si kwa mdomo.

Mkanda wa picha 36 huchukua karibu gigabaiti 1 kwa RAW. Weka nakala tatu: mbili kwenye diski tofauti, ya tatu nje ya nyumba hiyo, ikiwezekana nje ya kisiwa.

Nani azione

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda picha miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, kutegemea upi ulikuja mwisho. Pia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa walikubaliana vingine. Maana yake, picha za studio za wateja huenda si za mzee kuzitangaza, ingawa negativu ni zake. Andikianeni karatasi, mzee asaini akiwa hai na timamu: zipi zionyeshwe, zipi zisionyeshwe, nani aamue baada yake.

Picha za harusi za upande wa wanawake, hasa za kupamba, ni jambo la peke yake. Bibi harusi na rafiki zake wa kike walipigwa wakiwa bila buibui, wakijua picha zitabaki kwao. Zitenge kwenye kasha lenye alama, zinakiliwe na mwanamke, zisipandishwe mtandaoni wala kuwekwa kwenye hifadhi ya kampuni yoyote. Majina yake waulizwe mabibi wa mtaani, si mzee peke yake, maana wao ndio waliokuwa ndani. Kisha mpelekee mwenyewe au binti yake nakala ya karatasi, umuulize kama faili ibaki au ifutwe, na ulitekeleze jibu lake kwenye diski zote tatu.